Moshi unataka njia mbili

Mwezi huu tutaongea juu ya shemine, ni kusema bomba ao njia ya matofali yenye kutoa moshi mu nyumba. Labda wengine watasema: «Shemine ni kitu ya Wazungu, sisi tuko na mbabula.» Tunawaomba muendelee kusoma. Mwenye mbabula ndiye anapashwa kujua namna shemine inafanya kazi, kupita mwenye shemine.

Kwetu Katanga baridi si mchezo. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, Kolwezi inapita mita 1400. Mu mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Ndiyo maana mu nyumba nyingi za zamani za mjini walijenga shemine mu salon. Leo nyingi zimefungwa na simenti, ao watoto wanaweka ndani viatu na vitabu. Na umeme ukikatika, jamaa inafanya nini? Inaingiza mbabula mu chumba, inafunga mlango, inafunga dirisha, inaziba hata nafasi ya chini ya mlango na kitambaa. Kila mwaka kuko watu wenye kulala hivi na asubuhi hawaamuki.

KWA NINI MOSHI UNAPANDA?

Kila mtu anajua kama moshi unapanda. Lakini sababu yake, wengi wanaieleza vibaya. Wanasema: «Shemine inavuta moshi.» Hapana. Shemine haina mikono ya kuvuta. Kitu chenye kufanya kazi ni uzito wa hewa.

Hewa tunayopumua iko na uzito. Mufikiri sanduku lenye mita moja kwa kila upande. Hewa yenye kulijaza, kwa digri 20 na kwa kimo cha nchi yetu, ina uzito wa kilo moja na kidogo. Sasa muipashe moto mpaka digri 150. Inapanuka, ingine inatoka mu sanduku, na yenye kubaki ndani ina uzito wa karibu gramu 700 tu.

Shemine ni sawa na mizani. Upande mmoja, ndani ya bomba, kuko hewa ya moto, nyepesi. Upande wa pili, inje ya nyumba, kuko hewa baridi, nzito, kwa kimo kile kile. Ile nzito inashuka, inaingia chini ya mlango ao mu dirisha, inafika kwenye moto, na inasukuma ile nyepesi kwenda juu. Kwa hiyo hewa ya inje ndiyo yenye kusukuma. Shemine inaipa njia tu.

Kutoka pale tunaelewa mambo matatu.

La kwanza: bomba likiwa refu, nguvu inaongezeka. Kama moto ni ule ule, bomba la mita 4 lina nguvu mara mbili kupita lile la mita 2. Ndiyo maana viwanda vinajenga shemine ndefu. Wale wa Lubumbashi wanajua ile shemine ya kiwanda cha shaba, pembeni ya terili. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mu 1911. Lakini shemine ya kiwanda iko na kazi ya pili: kupeleka moshi wenye sulfuri juu sana, upepo uutawanye. Ile ya nyumba haina lazima ya kufika kule.

La pili: bomba likipoa, nguvu inakufa. Kama hewa ya ndani na ya inje zina uzito sawa, mizani haiendi huku wala kule. Moshi unabaki mu nyumba.

La tatu: nguvu yote ya shemine ya nyumba ni kidogo sana. Kwa bomba la mita 4 lenye moto tuliosema, inalingana na uzito wa maji yenye kimo cha milimita moja na kidogo. Si kitu! Ni kwa sababu hiyo kosa moja dogo, tundu mu bomba, kiota cha ndege, kona mbaya, ao mlango uliofungwa kabisa, linatosha kurudisha moshi wote machoni mwa mama mwenye kupika.

SOMO KUTOKA CHINI YA UDONGO

Ninyi wenye baba ao wajomba waliofanya kazi chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, muwaulize: «Hewa inafika chini namna gani?» Watawajibu kama kuko njia ya kuingiza hewa safi na njia ingine ya kutoa hewa mbaya. Njia moja haitoshi.

Zamani, mbele ya kuwa na mashini kubwa za kupeperusha hewa, mu migodi ya makaa ya mawe kule Uingereza walitumia shemine tu. Waliwasha moto mkubwa chini ya shimo moja. Hewa ya shimo lile ilipata moto, ikapanda. Hewa baridi ilishuka kwa njia ingine, ikapita mbele ya wafanyakazi, ikafuata moto. Mgodi wote ulikuwa kama nyumba moja kubwa, na shimo lilikuwa shemine yake.

Lakini mu mgodi wa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa shimo moja tu. Waliligawanya katikati na ukuta wa mbao: upande mmoja hewa inashuka, upande wa pili inapanda. Tarehe 16 Januari 1862 chuma kikubwa cha mashini ya kutoa maji kilivunjika, kikaanguka mu shimo, kikalifunga. Hewa haikuingia tena, haikutoka tena. Walikufa watu 204, wanaume na vijana. Wale waliofungiwa chini waliuawa na gesi, wala si na mawe. Mwaka ule ule Uingereza ilitoa sheria: mgodi upashwa kuwa na njia mbili.

Basi tuseme wazi: chumba chenye moto ni mgodi mdogo. Kinataka njia ya hewa kuingia na njia ya hewa kutoka. Ukifunga moja, umefunga zote mbili.

MAKALA YASIYO NA MOSHI

Hapa ndipo tunataka musome polepole. Mama mwingine anasema: «Mimi nangojea makala iwake yote, ikuwe nyekundu, moshi iishe, kisha naingiza mbabula. Hakuna hatari.»

Iko hatari, na ni kubwa. Moshi ni kitu tunachoona, lakini si wenyewe wenye kuua haraka. Makala ni kaboni karibu tupu. Yakiwaka mu hewa ya kutosha, yanatoa gesi ya kaboni ya kawaida, ile tunayotoa hata sisi tukipumua. Lakini makala yaliyopangwa mengi pamoja hayapati hewa ya kutosha katikati, na mu chumba kilichofungwa hewa inapunguka tena. Pale yanatoa gesi ingine, monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Makala mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo, yanaweza kuitoa mengi.

Inaua namna gani? Mu damu yetu kuko kitu chenye kubeba oksijeni, sawa na lori yenye kubeba mizigo. Monoksidi ya kaboni inashikamana na lori ile mara zaidi ya 200 kupita oksijeni. Inakaa pale, haitoki haraka. Damu inaendelea kuzunguka, lakini lori zimejaa mzigo mbaya. Ubongo na moyo vinakosa hewa, hata kama mtu anapumua.

Mujue alama zake: kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu, usingizi mzito. Tena alama kubwa ni hii: watu wote wa chumba wanasikia vibaya wakati mmoja, na wakitoka inje wanasikia nafuu. Malaria haifanyi hivyo, haikamati jamaa nzima kwa saa moja. Mtoto mdogo, mama mwenye mimba na mzee wanaumia mbele ya wengine. Mwenye kulala hasikii alama yoyote.

Mukikuta mtu hivi: mufungue mlango na madirisha, mumutoe inje kwenye hewa safi, mutoe na mbabula, kisha mumupeleke hospitali mbio, hata kama ameamka na anasema ameshapona. Musipoteze wakati kumunywesha maziwa ao mafuta ya mawese. Sumu hii haiko mu tumbo, iko mu damu, na dawa yake ni hewa na oksijeni ya hospitali.

Tusisahau na moshi wenye kuonekana. Huo unaua polepole, kwa mapafu na moyo. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kama mu mwaka wa 2020 moshi wa kupikia nyumbani ulisababisha vifo karibu milioni 3,2 mu dunia nzima. Wengi ni wale wenye kukaa karibu na moto: wamama, na watoto waliobebwa mgongoni.

NAMNA YA KUJENGA VIZURI

Fundi wa matofali mwenye akili anaweza kujenga shemine ya jiko bila gharama kubwa. Lakini mumuangalie kwa mambo haya:

1. Njia ya kuingiza hewa. Muanze na hii, kwa sababu mafundi wengi wanaisahau. Mu ukuta, chini, karibu na jiko, muache tundu lenye ukubwa usiopungua ule wa ndani ya bomba. Muweke wavu, panya zisiingie.

2. Kofia juu ya moto. Moshi unatawanyika haraka. Kofia ya bati ao ya matofali iwe pana kupita jiko, na iwe chini kiasi, ikusanye moshi na kuupeleka mu bomba.

3. Upana. Kwa jiko dogo lililofungwa, bomba la sentimita 10 mpaka 15 linatosha. Kwa moto wa wazi, watu wa kazi wanafuata kipimo hiki: nafasi ya bomba iwe sehemu moja ya kumi ya mlango wa moto. Mlango wa sentimita 60 kwa 50 unataka bomba la karibu sentimita 17 kwa 18. Bomba pana kupita kiasi ni kosa pia, linapoa haraka. Mu 1796, Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa jina la Count Rumford, aliandika kule London kama shemine nyingi zilileta moshi kwa sababu koo lao lilikuwa pana sana: hewa baridi ya chumba ilipanda pamoja na moshi na kuupoza. Alifanya koo kuwa jembamba, na nyumba nyingi zikapona moshi.

4. Urefu. Kichwa cha bomba kipite kichwa cha paa kwa nusu mita ao zaidi. Kikiwa chini ya paa, upepo wenye kupita juu ya paa unashuka mu bomba na kurudisha moshi.

5. Ndani kulainike. Matofali yasiyopakwa yanashika masizi na kuzuia moshi. Mupake udongo ao simenti vizuri, muzibe kila tundu. Kona ziwe chache.

6. Mbali na mbao. Bomba la chuma linapata moto sana. Lisiguse mbao za paa wala nyasi, liache nafasi ya karibu nusu mita. Nyumba ya nyasi isitobolewe hata kidogo kwa bomba la chuma. Pale jiko likae inje.

7. Kofia ya mvua. Mvua zetu ni kali. Muweke bati juu, lakini limeinuka, moshi upite pembeni.

Na jamaa isiyo na uwezo wa kujenga? Mupike inje mu lupangu, chini ya paa lisilo na kuta pande mbili. Kama jiko ni lazima likae ndani, muache nafasi kati ya ukuta na paa, mufungue mlango, mutoboe tundu la chini. Kwa kulala, muongeze blanketi, mulale karibu karibu, mujaze maji ya moto mu chupa na kuifunga kwa kitambaa. Mbabula ibaki inje usiku wote, hata kama inaonekana imezimika. Majivu yanaficha moto, na moto uliofichwa unatoa ile gesi.

MAULIZO YENYE KURUDI-RUDI

«Shemine yangu inaleta moshi asubuhi tu, kisha inapona. Sababu gani?» Bomba limelala baridi usiku. Hewa nzito imejaa ndani kama kizibo. Muwashe kwanza karatasi moja na kuishika kwenye koo la bomba mpaka muone moshi wake unapanda. Kisha muwashe jiko.

«Tukifunga mlango moshi inarudia mu nyumba, tukifungua inaenda.» Hapo jibu mumelitoa wenyewe: hakuna njia ya kuingiza hewa. Mutoboe tundu la chini.

«Moshi inarudi siku za upepo.» Muangalie kama kuko muembe ao nyumba ya ghorofa karibu, yenye kupita kimo cha bomba. Muongeze urefu.

«Ilikuwa nzuri, na mwaka huu imeharibika.» Masizi, ao kiota cha ndege. Mupanguse.

KUPANGUSA MASIZI

Kuni zenye maji zinatoa masizi mengi na lami nyeusi. Makala yanatoa kidogo. Masizi yanafanya njia kuwa nyembamba, tena yenyewe yanaweza kuwaka ndani ya bomba na kuchoma paa. Mupanguse mara moja kwa mwaka, mu mwezi wa tano, mbele ya baridi. Mufunge burashi ngumu, ao fungu la majani makavu yenye nguvu, juu ya mti mrefu. Mufunike pua na kitambaa, na kisha muoge na sabuni.

Kazi hii isipewe watoto. Kule London zamani walituma watoto wadogo kupanda ndani ya shemine. Wengine walikwama na kufa pale pale. Mu 1775 daktari Percivall Pott alionyesha kama wapangusaji walipata kansa ya ngozi kwa sababu ya masizi. Sheria ya 1875 ndiyo iliyomaliza kazi hiyo ya watoto. Sisi wenye kuona watoto wakiingia mu mashimo ya madini hatuhitaji maelezo marefu.

JARIBIO LA VIJANA

Vijana, mujionee wenyewe, lakini mkubwa mmoja awe pembeni. Mutafute mshumaa mfupi, sahani, na kioo cha taa ya petroli, kile chenye kufunguka juu na chini. Musimamishe mshumaa mu sahani, mumimine maji kidogo, muwashe, kisha mufunike na kioo. Maji yanafunga upande wa chini, hewa haiingii pale. Muangalie: mwali unadhoofika, unazimika, hata kama juu kuko wazi.

Sasa mukate kipande cha bati cha upana unaolingana na mdomo wa kioo. Muwashe tena, mufunike, na muingize bati lile mu mdomo wa juu, ligawanye mdomo mara mbili. Bati lisiguse mwali. Safari hii mshumaa unaendelea kuwaka. Mulete karatasi yenye kutoa moshi karibu na mdomo: upande mmoja moshi unashuka, upande wa pili unapanda. Ni shimo lile la Hartley, na ni chumba chenu cha kulala. Mutoe bati, na mwali utaanza kufa.

Mukimaliza, muonyeshe wazazi. Kisha muzunguke nyumba yenu pamoja na kuhesabu: mu kila fasi ya moto, hewa inaingia wapi, na inatoka wapi? Pale mutakapokosa jibu moja kati ya hayo mawili, moto usiwashwe pale kesho.

Mwezi ujao tutaongea juu ya maji ya kisima na namna ya kuyasafisha. Mubaki salama.